Karatasi Iliyokwisha Kuandikwa



Jioni, maduka ya Biashara Street hapa Mombasa yanapoanza kuteremsha milango yao, njia hujaa maboksi. Leso zimeshatolewa na vyombo vimepangwa rafuni, na lile boksi lililovileta kutoka ng'ambo hutupwa nje likiwa limefumuka pande zote. Kule Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914, mambo ni yale yale, ila huko maboksi hunuka embe na iliki. Halafu huja watu wa mikokoteni. Huyakanyaga yakalala, huyapanga moja juu ya jingine, huyafunga kamba na kuyasukuma kwenda kuuzwa kwa kilo. Yanayosalia yana wenyewe. Mama wa viazi karai huchana kipande cha kupepea jiko lake, asiye na kwao hutandika apate kulala, na watoto wa Mji wa Kale huchukua yao wakatengeneza magari, nyumba na vidau.

Nataka tutembee pamoja juma hili, polepole, kutoka hapo sokoni mpaka Ngome ya Yesu. Si mbali. Tukiwa njiani tuwaangalie wanaofanya sanaa kwa boksi na karatasi zilizotupwa, maana nadhani wanajua jambo fulani kuhusu kusamehe ambalo sisi wa kanisani tunalisema sana na kulifanya kidogo.

Niseme neno moja kabla hatujaenda mbali. Siyapendi mahubiri yanayomwambia mtu kwamba alikuwa takataka, ndipo Mungu akamwokota. Najua nia huwa njema. Lakini nimewaona wanaosikiliza maneno hayo wakiwa wameshaitwa hivyo nyumbani na mtaani, na sidhani wanahitaji kuitwa hivyo tena na mchungaji. Hata watoto wanaookota maboksi tunawaita machokoraa, kana kwamba wamezaliwa jalalani. Hebu litazame hilo boksi lililo mbele ya duka. Halikutupwa kwa kuwa ni baya. Limetupwa kwa kuwa mzigo wake umefika salama. Lilivuka bahari, likapangiwa mengine kichwani, likastahimili joto la kontena, na glasi zilizokuwa ndani hazikuvunjika. Kosa lake ni kwamba limemaliza kazi.

Je, hujawahi kujisikia hivyo? Wako wazee waliofanya kazi bandarini Kilindini maisha yao yote, na siku hizi simu zao hazilii. Wako mama waliolea watoto sita, na wote wamekwenda, mmoja Nairobi, mwingine Qatar, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba wanaisikia saa ya ukutani. Ikiwa wewe ni mmoja wao, nakuomba usifanye haraka kujiita jina ambalo Mungu hajakuita.

Katika Injili ya Yohana, sura ya sita, Bwana Yesu analisha watu elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Sote tunaikumbuka habari hiyo. Kinachonishika mimi ni kinachofuata wakati watu wameshashiba. Anawaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki, kisipotee hata kimoja. Aliyeweza kuufanya mkate ukatosha elfu tano anajishughulisha na makombo! Wanafunzi walijaza vikapu kumi na viwili. Sijui walivipeleka wapi, Injili haisemi, lakini naipenda picha ya Petro ameinama nyasini akiokota vipande vilivyokwisha kuumwa na watu wengine.

Sasa tuingie ndani ya Mji wa Kale, tufuate Ndia Kuu. Upepo ukiwa mzuri utaona tiara juu ya mapaa. Watoto hapa hutengeneza tiara kwa walichonacho: chelewa za mnazi kwa mifupa, uzi wa kushonea, mkia wa matambara, na gundi ya unga wa ngano uliopikwa ukawa uji mzito. Karatasi ni gazeti la jana au kurasa za daftari la mwaka uliopita. Tangu Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, karatasi imepata heshima mpya mjini, na kurasa kama hizo utakuta zimefungiwa njugu au bajia. Nimewahi kununua njugu nikafungua, nikakuta nasoma hesabu za mtoto wa darasa la nne.

Ukiitazama vizuri tiara ya daftari, utaona wino mwekundu wa mwalimu. Mikato mirefu. Duru kuzunguka jawabu lisilo sahihi. Labda na lile agizo la kumleta mzazi shuleni. Mtoto hakuzichagua kurasa safi, kwa sababu kurasa safi bado zina kazi, na mama angemgombeza kwa kuzipoteza. Alichana zile zilizokwisha kuandikwa, pamoja na makosa yake yote. Na sasa makosa hayo yako juu ya minara ya misikiti, yanapepea, na mwenyewe anakimbia pekupeku akicheka.

Ningependa ukae kidogo na swali hili. Kuna ukurasa gani katika maisha yako ambao umeukunja na kuuficha kwa sababu ya wino mwekundu ulioko juu yake? Usijibu upesi, na si lazima umjibu mtu.

Tumefika Ngome. Jengo hili limebeba jina la Mwokozi wetu tangu Wareno walipolijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mimi huona vigumu kupita mbele yake nisisimame kidogo. Jina la Yesu, na mizinga. Mkristo wa Mombasa hana budi kulikubali hili bila kujitetea: jina tunaloliitia katika sala liliwekwa juu ya ngome ya vita, na jirani zetu Waislamu wa Mji wa Kale wanaikumbuka historia hiyo kuliko sisi.

Yupo kijana mmoja katika historia hiyo ambaye huniumiza moyo. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiaugustino, akabatizwa, akaitwa Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima walimrudisha Mombasa kuwa mfalme, na wale waliomrudisha wakawa wanamdharau katika mji wa baba yake. Agosti 1631 aliingia ndani ya Ngome na watu wake akamuua mkuu wa Wareno. Katika siku zilizofuata Wakristo wengi waliuawa, Wareno na Waafrika, waume kwa wake. Mwaka mmoja baadaye Yusuf aliuacha mji, akawa mtu wa kutangatanga baharini, wala hakuitawala Mombasa tena.

Kanisa linawakumbuka waliokufa, na ni haki. Lakini nikiisoma habari hii huona pande mbili, kila mmoja na daftari lake la madeni, na kila mmoja ukiandika tu ulichotendewa. Mwenye duka mtaani angalau huandika pia kilicholipwa. Sisi tunapoandika machungu hatuna safu ya malipo. Na daftari la namna hiyo halijai. Baadaye Waomani waliizingira Ngome kuanzia 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani wakamalizwa na njaa na maradhi. Kwa jumla Ngome ilibadilisha mikono mara tisa kati ya 1631 na 1875. Kisha Waingereza wakaifanya gereza, kuanzia 1895 hadi 1958.

Ndani ya kuta hizo hizo kuna kitu ambacho wageni wengi hukipita mbio wakielekea kwenye mizinga. Ni michoro ya mabaharia wa Kireno, waliochora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Meli na matanga yake, samaki, watu, majengo. Hakuna aliyewatuma, na hawakuwa wasanii wa kulipwa. Walikuwa watu walio mbali na mama zao, wakashika kilichokuwa karibu, kijinga kilichozimika, wakachora chombo ambacho kingewarudisha nyumbani. Wengi wao nadhani hawakurudi. Mimi huwa nakaa hapo zaidi kuliko kwenye mizinga. Hawa nao walikuwa sehemu ya jeshi lililouonea mji huu, na bado mkono uliochora samaki yule ni mkono wa mtu. Sijui nifanye nini na mambo hayo mawili ila kuyashika yote pamoja.

Mwaka 1962 Ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wangeweza kuibomoa. Sababu zilikuwepo, na mawe ya matumbawe yangejenga nyumba nyingi. Walichagua kuiacha isimame na mambo yake yote, na siku hizi watoto wa shule, Waislamu kwa Wakristo, huingia kwa mistari wakiwa na daftari mkononi.

Kubomoa na kuchoma ni njia ya haraka, mpendwa, na sote tunaijua. Nabii Yeremia alifanyiwa hivyo na mfalme. Katika sura ya 36 ya kitabu chake, maneno yake yameandikwa na Baruku kwenye gombo na yanasomwa mbele ya Mfalme Yehoyakimu. Ni majira ya baridi, na moto unawaka mbele yake. Kila safu tatu au nne zikisomwa, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Hakukasirika sana, hakupiga kelele. Alikuwa anaota moto tu. Na ndivyo tunavyofanya tunapomfuta mtu: tunakata kidogo kidogo, bila kelele, mpaka siku moja hatuna tena namba yake ya simu. Mungu alimwambia Yeremia achukue gombo jingine. Baruku akaketi tena na wino wake, akaandika yote yaliyochomwa, na mengine mengi yakaongezwa.

Kwa hiyo kusamehe ni nini, ikiwa si kuchoma ukurasa? Wengi wetu tulifundishwa kwamba ni kuurudisha uwe mweupe kama ulivyotoka dukani. Nimeishi na fundisho hilo na kulifundisha, na nimeona linavyowachosha watu wema. Dada anasema amemsamehe mumewe, kisha usiku linamjia neno lile aliloambiwa, naye anajiona mnafiki. Anakuja kuuliza, mchungaji, mbona bado nakumbuka? Anadhani kumbukumbu ni ushahidi kwamba hakusamehe.

Karatasi ikikunjwa mara moja, nyuzi zake huvunjika pale kwenye mkunjo. Unaweza kuinyoosha kwa pasi, ukaiweka chini ya kitabu kizito usiku kucha, na bado mstari utauona. Wanaofanya sanaa kwa maboksi wanalijua hilo kwa vidole vyao. Hawapigani na mkunjo. Wanauangalia unaelekea wapi, kisha wanaupanga uwe kona ya nyumba au mkuku wa chombo, kwa sababu pale ndipo boksi linapokubali kukunjika vizuri. Maandishi ya kampuni ya meli yaliyokuwa ubavuni yanabaki yakionekana, na kazi inapendeza zaidi kwa ajili yake.

Bwana wetu alipofufuka, Yohana anasimulia, aliingia katika chumba kilichofungwa kwa hofu, akawaamkia wanafunzi kwa amani, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Mwili mpya, uliolishinda kaburi, na makovu yamo. Tomaso aliruhusiwa hata kuyagusa. Kama Mungu Baba angetaka kutufundisha kwamba msamaha ni kufuta kila alama, hapo ndipo angefuta. Yesu alirudi kwa watu waliomkimbia bila kuyaficha makovu na bila kuwapiga nayo. Nadhani wewe na mimi tunaweza kulifanya moja kati ya hayo. Kuyafanya yote mawili kwa pamoja kunahitaji sala nyingi.

Niruhusu nikutoe Mombasa kidogo. Kule Uganda yuko msanii aitwaye Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950. Alisomea usonara London, kisha akarudi nyumbani na kuanza kutengeneza shanga kutokana na karatasi zilizotupwa. Ufundi wenyewe ni rahisi kuusimulia. Karatasi hukatwa vipande virefu vyenye upana upande mmoja na ncha upande mwingine. Unaanza upande mpana, unazungusha juu ya sindano, unakaza, ncha inapofika unaitia gundi, kisha unapaka vanishi na kuanika juani. Gateja huzishona shanga hizo kwa maelfu juu ya kitambaa cha magome, zikawa picha kubwa za kutundika ukutani, na mwaka 2024 kazi zake zilikuwa katika banda la Uganda kwenye maonyesho ya Venice. Lakini mimi nawafikiria zaidi wanawake wa Kireka, pembeni mwa Kampala. Wengi wao walikimbia vita vya kaskazini, wakawa wanaponda kokoto kwenye machimbo ili watoto wale. Wengi waliingia katika kazi ya kuzungusha shanga za karatasi, wakalipia karo na kodi ya nyumba.

Shanga hiyo ukiishika ni ngumu, inang'aa, ina rangi. Ungeifungua ungekuta ndani yake maneno: kipande cha tangazo, tarehe za kalenda ya mwaka uliopita, sura ya mwanasiasa fulani. Hayakufutwa. Yamezungushwa mara nyingi mpaka yakawa moyo wa shanga, na ndiyo yanayoipa ugumu wake. Mwanamke aliyeikaza anajua kilichomo. Anayeivaa shingoni si lazima ajue.

Hili la mwisho nalipenda. Si kila uliyoyapitia ni ushuhuda wa kusimama nao mbele ya watu Jumapili. Kanisani tumewahimiza mno watu waseme kila kitu. Mengine yanatosha kujulikana na wewe na Mungu, yakakufanya imara, basi.

Kuna na hili la kuaminiwa. Bodys Isek Kingelez wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alijenga miji mizima kwa kadibodi, karatasi za rangi, vifuniko na vikorokoro, miji inayong'aa utadhani ni ya sikukuu. Alipopeleka kazi yake ya mwanzo kwenye makumbusho ya Kinshasa, hawakuamini kwamba ni yeye aliyeitengeneza. Ikambidi atengeneze nyingine ili wasadiki. Baadaye walimpa kazi ya kukarabati vinyago vyao vya kale. Miaka mingi baadaye miji yake ya kadibodi ilitazamwa Paris na New York.

Ninaposoma hayo nawakumbuka wanaotoka gereza la Shimo la Tewa, hapa kwetu, na vyeti vyao vya useremala au ushoni mkononi. Kijana anarudi mtaani, anafanya kitu kizuri, na swali la kwanza ni ameiba wapi. Anatengeneza kingine. Tunauliza tena. Ni mara ngapi tutamtaka athibitishe? Pengine huyo kijana ni wa nyumbani kwako. Pengine uliwahi kumwambia umemsamehe, lakini kabati la pesa bado unalifunga akiingia sebuleni. Sikulaumu. Uaminifu huchukua muda kurudi, na hapo ndipo ninapotaka kukuonyesha kazi nyingine ya mikono.

Wako wanaotengeneza mabakuli na vinyago kwa gazeti. Wanachana vipande vidogo, wanavichovya kwenye gundi ya unga, wanavibandika juu ya bakuli la kawaida au puto lililopulizwa. Tabaka la kwanza likikamilika, wanaacha. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mtoto, na kwa watu wazima pia. Mombasa ni mji wa unyevu. Kazi isipokauka mpaka ndani ikabandikwa tabaka jingine juu yake, nje itaonekana safi, na ndani itaota kuvu. Baada ya siku chache utasikia harufu kabla hujaona chochote. Wengine hutia chumvi kwenye gundi kupunguza tatizo hilo, lakini dawa yenyewe ni muda. Tabaka moja, upepo, jua. Kesho tabaka jingine. Miezi ya kusi, mvua zikishika, hata siku mbili hazitoshi, na hakuna la kufanya ila kusubiri.

Ndugu mmoja anapokuja kwangu na mkewe wakitaka nisali mara moja na mambo yawe kama zamani, mimi husali, ila huwaambia pia waende nyumbani wakafanye jambo dogo kesho yake asubuhi. Mmoja amchemshie mwenzake chai. Amwambie anakwenda wapi na arudi saa aliyosema. Kesho kutwa vivyo hivyo. Hakuna anayepiga makofi mtu akirudi nyumbani saa aliyosema. Lakini upendo uliovunjika hujengwa na mambo hayo membamba kama karatasi, na baada ya miezi unakuta una bakuli zima mkononi.

Hapa nina neno kwa msomaji anayeumizwa sasa hivi, wala si zamani. Ikiwa kuna mtu anayekupiga, au anayekunyang'anya, au anayekutisha wewe na watoto, tafadhali usiyasome maneno yangu kana kwamba nakutuma urudi ukavumilie. Boksi lililolowa halipandishiwi mzigo. Litoe kwenye maji kwanza. Mwambie mtu, nenda mahali penye usalama. Moyo wako unaweza kuanza kusamehe ukiwa nyumba nyingine, hata mji mwingine, na Mungu haoni hilo kuwa upungufu wa imani. Asikudanganye mtu.

Petro naye alipata taabu na jambo hili. Katika Mathayo 18 alimuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, akapendekeza mwenyewe: mara saba. Nadhani aliona ametaja namba kubwa. Wanaojua viwanda vya karatasi hutuambia kwamba nyuzi za karatasi zinaweza kurejelezwa mara 5 hadi 7 hivi. Kila inaposagwa na kufanywa upya, nyuzi hukatika zikawa fupi zaidi, mpaka mwishowe hazishikani tena. Kwa hiyo Petro, bila kujua, alitoa hesabu ya kiwandani! Na sidhani alikosea kuhusu binadamu. Mara saba ndipo tunapoishia. Mtu akikukosea jambo lile lile mara ya nane, unasikia ndani yako kitu kimekuwa kifupi, hakishiki.

Yesu akamjibu kwa hesabu isiyoweza kufikiwa, sabini mara saba. Zamani nilidhani anamwongezea Petro mzigo. Siku hizi nasikia tofauti. Viwandani, karatasi iliyochoka haiachwi ijitegemee. Huchanganywa na nyuzi mpya kutoka kwenye mti, ndefu, zenye nguvu, nazo huzishika zile fupi. Bila hizo, zile zilizochoka hazishikani. Petro alikuwa akihesabu nyuzi zake mwenyewe. Bwana hakumwambia azinyooshe zaidi. Usiku Yesu alipokamatwa, kando ya moto wa makaa, Petro mwenyewe alimkana mara tatu, na baadaye, ufukweni, kando ya moto mwingine wa makaa, aliulizwa mara tatu kama anampenda, akapewa kondoo awalishe. Tangu siku hiyo hakuwa anasamehe kwa akiba yake.

Basi ukiona umeishiwa, mpendwa, huenda umefika pale ambapo unaweza kuomba. Sala fupi inatosha, hata ya kusema kwamba leo sina.

Juma hili, ukipata nafasi Jumamosi, kaa na mtoto, wako au wa jirani. Pikeni gundi: kikombe kimoja cha unga, maji, chumvi kidogo, moto mdogo, koroga isije ikashika madonge. Chukueni boksi la dukani na daftari la zamani. Mwache yeye achague cha kutengeneza, nawe uwe msaidizi. Mkikuta ukurasa wenye wino mwekundu, usimkumbushe zile alama. Bandikeni tu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaisoma barua ya Paulo kwa Filemoni. Ni fupi, ukurasa mmoja tu katika Biblia nyingi, na inahusu mtumwa aliyekuwa amehesabiwa kuwa hana faida, na bwana wake mwenye deni la kudai. Isome mara moja kabla hatujakutana. Ukifika aya ya 18 na ya 19, simama, uangalie deni lile Paulo anataka liandikwe kwa jina la nani, na kalamu imeshikwa na mkono wa nani.